Wazee tunaopunguza wanga: tushikane, kila mtu na chungu chake hatufiki

#1 Mwalimu Mstaafu (Tanga)

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, hamjambo.

Uzi huu nauleta kwa ajili yetu tuliovuka miaka 60, wenye kisukari cha ukubwani (aina ya pili), presha, magoti yaliyochoka kubeba uzito, au vyote kwa pamoja. Wengi wetu tumeambiwa kliniki "punguza wanga", tukapewa tarehe ya kurudi, tukatoka. Kupunguza vipi, kiasi gani, na nani atazungumza na anayepika nyumbani, hayo kila mtu kaachiwa mwenyewe. Vijana nanyi msome, maana nyinyi ndio mnaotupikia.

Tangu Profesa Mohamed Janabi, wakati akiongoza Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, aanze kuzungumza hadharani juu ya kupunguza kula, sukari na wanga, kijiwe kisicho na mjadala huo ni nadra. Mwenyewe sasa anaongoza Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani (WHO), mjadala umebaki huku na umewaamsha wengi. Nashukuru kwa hilo. Lakini ushauri mwingi unaozunguka kwenye simu unamfaa kijana wa miaka 35 mwenye kitambi, anayejinunulia anachotaka na asiyemeza kidonge hata kimoja. Mzee ana mambo yake.

Wengi wetu hatushiki mwiko tena. Jikoni yuko mkwe, au binti wa kazi, au mjukuu. Mzee akisema leo ugali sitaki, nyumba nzima inashtuka: babu kaanza kuumwa. Chai inatiwa sukari hukohuko jikoni kabla haijafika barazani. Ukienda kwenye hitima ukasogeza sahani ya wali pembeni, kuna atakayeona umemdharau. Halafu tuna dawa, na dawa za sukari na presha zimepangwa kwa kufuata chakula tulichokuwa tukila. Ukibadili chakula, dawa zikabaki zilezile, unaweza kuanguka chooni usiku. Na nyama za mwili wetu zinapungua kwa umri. Mzee akiondoa ugali bila kuweka kitu cha maana mahali pake, kinachoisha ni misuli, kitambi kinabaki.

Ndiyo maana nasema jambo hili nia peke yake haiwezi. Linataka watu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kikundi chetu kilianzia kwenye benchi la kliniki, tulipoona sura ni zilezile kila mwezi na malalamiko ni yaleyale. Sasa tunakutana Jumamosi baada ya alasiri kwenye baraza ya mama mmoja hapa Ngamiani. Waislamu kwa Wakristo, wanaume kwa wanawake: yupo aliyekuwa fundi wa reli, yupo muuza samaki, tupo walimu. Mashine ya presha tulichangishana. Mwenye mashine ya sukari anakuja nayo, lakini kisindano cha kutobolea kidole hakiazimwi hata kwa ndugu wa tumbo moja. Homa ya ini na maradhi mengine hupitia damu.

Kila mmoja ana daftari. Anaandika sukari ya asubuhi kabla ya kula, ya baada ya kupita saa mbili tangu mlo mkubwa kama ana vipimo vya kutosha, presha, na alichokula. Tukikutana, anayetaka anasoma lake kwa sauti. Hapo ndipo mafunzo yalipo. Mtu akiona kwa macho yake kwamba mchuzi wa samaki na mchicha umemwacha kwenye 7 ya mashine (mmol/L), na chapati mbili na chai ya sukari zimempeleka 14, hana haja ya mhadhara wangu. Na wenzake hawamcheki. Hilo ni sharti letu la kwanza. Mzee aliyechekwa mara moja hasomi tena daftari lake, na baada ya wiki chache haji kabisa.

Kila anayekuja analeta chombo kimoja alichopika bila ugali, wali wala unga wa ngano. Mama mwenye baraza ana kabeji yake ambayo imewaokoa wengi. Anaikata nyembamba mno, anaipitisha kwenye maji ya moto kwa muda mfupi, anaikamua kwa mikono mpaka maji yaishe, kisha anaitia kwenye kikaango chenye kitunguu na mafuta kidogo, moto mkali, anaigeuza haraka isije ikalegea. Anaipakua kwenye sinia na juu yake anamwaga changu wa nazi. Inaliwa kwa mkono, inashika mchuzi, inajaza kinywa. Yule fundi wa reli, ambaye alikuwa akisema chakula bila ugali ni vitafunio, ndiye anayekomba sinia siku hizi. Wengine huleta bamia na dagaa, mchunga wa nazi (uchungu wake watu wa pwani mnaujua, na wenye nao hawauachi), biringanya za kuchoma, mayai ya kukaanga na nyanya na hoho, boga la kuchemsha. Boga watu wanaliogopa kwa sababu ni tamu, ila gramu 100 zake zina wanga kama gramu 7 tu, wakati muhogo wa uzito huohuo unakaribia 40.

Kuhusu kiasi. Wataalamu wengi huita wanga kidogo ikiwa ni chini ya gramu 130 kwa siku, na keto huwa chini ya 50. Sisi hatufuati keto, kwa sababu wengi tuna dawa na wengine wana figo zilizoanza kuchoka. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina gramu 45 hivi. Unga wa mahindi mkavu, robo tatu ya uzito wake ni wanga, na dona halitofautiani sana na sembe kwa hilo ingawa dona lina nyuzinyuzi na virutubisho zaidi. Slesi ya mkate, gramu 15. Soda ya chupa ni sawa na vijiko 9 vya chai vya sukari, na hiyo hata mjadala hatuna, imetoka mezani. Kwa hiyo tumekubaliana hivi: nusu ya sahani mboga, robo samaki, mayai, kuku au dagaa, na kwa asiyeweza kuuacha kabisa, ugali usiozidi ngumi yake mwenyewe. Mboga na samaki vinatangulia, ugali unafuata mwishoni. Mpangilio huo tu, chakula kikiwa kilekile, hupunguza sukari kupanda baada ya kula.

Nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike. Tuna desturi ya kutembeleana nyumbani wawiliwawili. Mzee mmoja wetu daftari lake lilikuwa linapanda kila wiki ingawa hapa barazani anakula vizuri. Tukaenda kwake, mimi na mama muuza samaki. Mkwe wake alitupokea vizuri, ila tulipogusia chakula machozi yakamlengalenga. Akasema, "Mama, watu wa mtaa huu wakimwona baba anakonda watasema namnyima chakula." Kumbe kila usiku alikuwa anamwongezea ugali kwa upendo na kwa hofu ya majirani. Hatukumlaumu. Mwenzangu akaingia naye jikoni, wakapika pamoja siku hiyo: vibua wa kuchemsha kwa ndimu, matembele, na kaugali kadogo. Mzee alipoanza kupungua, sisi ndio tuliotangulia kuwaambia majirani kwamba yule binti anamtunza. Alichokuwa anahitaji ni mtu wa kusimama upande wake, na mzee mwenyewe asingeweza kuifanya kazi hiyo.

Karibuni tuelezane. Na mwenye dawa za sukari asianze kesho asubuhi kwa kunisoma mimi. Aanze kwa daktari wake.

#2 Kijana wa Tandika

Shikamoo mwalimu. Umenigusa maana mimi ndiye ninayepika. Baba ana miaka 68, ana kisukari, nimeona video nikampunguzia ugali kwa kishindo tangu wiki iliyopita. Asubuhi anakula mayai, mchana mboga na nyama, usiku supu. Sukari imeshuka, nikafurahi. Lakini juzi usiku wa manane aliamka anatoka jasho jembamba, anatetemeka, maneno hayaeleweki. Tukampa chai ya sukari akatulia. Anatumia metformini na glibenklamidi. Hii ni kawaida ya mwili kuzoea au kuna tatizo?

#3 Nesi wa Zamu

Mdogo wangu, hiyo si kuzoea. Kwa dalili ulizoeleza sukari ilishuka kupita kiasi, na kwa mtu wa miaka 68 ni hatari: anaweza kuanguka akavunjika nyonga, au akapoteza fahamu. Mpeleke baba kliniki kesho, usingoje tarehe yake. Nenda na dawa zote mkononi, mweleze daktari kwamba mmepunguza wanga na lini.

Metformini ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari hivyo. Glibenklamidi ni kisa kingine: inalazimisha kongosho kutoa insulini hata kama tumbo halina kitu, na kwa wazee inakaa mwilini muda mrefu. Insulini ya sindano nayo hivyohivyo. Anayetumia mojawapo ya hizi mbili anahitaji daktari apange dozi upya KABLA ya kupunguza wanga. Lakini msiache dawa wenyewe nyumbani.

Sukari ikiwa chini ya 4 kwenye mashine, au dalili zikija na mashine haipo: vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya juisi. Subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado chini, rudia. Ikishapanda, ale kitu. Asiyeweza kumeza au aliyezimia usimtie chochote mdomoni, akimbizwe hospitali. Hapo lishe inawekwa pembeni, sukari inaliwa bila majadiliano.

Niongeze mengine ambayo wazee hawaambiwi. Ukipunguza wanga, mwili hutoa maji na chumvi nyingi siku za mwanzo, na presha hushuka. Mwenye vidonge vya presha anaweza kupata kizunguzungu akisimama, kwa hiyo apime mara kwa mara na daktari ajulishwe. Wanaotumia dawa mpya za kundi ambalo majina yake huishia na "gliflozini", kama dapagliflozini na empagliflozini, wasibane wanga sana bila daktari kujua, kwa sababu damu inaweza kujaa asidi hata sukari ikionekana nzuri kwenye mashine. Kichefuchefu, kutapika na kuhema kwa nguvu kwa mtu wa dawa hizo ni safari ya hospitali. Mwenye tatizo la figo aulize kiasi cha nyama na mayai. Na tui la nazi ni zuri, ila lina mafuta mazito mengi, kwa hiyo pimeni na mafuta ya damu, kila mlo usiwe wa nazi.

#4 Bibi wa Likoni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Mimi ni mjane, watoto wako Nairobi na ng'ambo. Mwalimu amesema habari ya mzee anayepikiwa, mimi nataka kusema ya anayejipikia na hana wa kula naye. Mtu ukiwa peke yako huoni maana ya kuwasha jiko kwa ajili ya sufuria moja. Asubuhi chai na mkate, mchana chai na mkate uliobaki, usiku andazi. Wala hatuli sana, ila karibu kila tunachotia kinywani ni wanga, na sukari inapanda huku mikono inakonda. Nimewaona majirani zangu wengi hivyo.

Tulichofanya ni hiki. Sisi majirani watatu wa ploti moja tunapika kwa zamu. Leo mimi, kesho yeye. Sufuria moja yenye maana: sukuma wiki na omena, au kuku wa kienyeji na mchicha. Anayepika huleta na maneno, tunakaa tunakula pamoja. Hiyo zamu imenifaa kuliko orodha yoyote ya vyakula niliyopewa, kwani ukijua mwenzako anangoja chakula, hupiki chai ukasema ndiyo chakula.

Na kwenye chama chetu cha akina mama, zamani mwenyeji hakukubaliwa kama hana mahamri. Sasa mbaazi za nazi zinakuja bakulini na kijiko, mahamri yanakaa upande kwa anayetaka, chai ni ya rangi na tangawizi, sukari iko kwenye kopo lake. Kulikuwa na manung'uniko mwanzo. Aliyeyatuliza ni mwenyekiti, alipowaambia wenzake kwamba yeye mwenyewe yuko kwenye sindano na anataka kuendelea kuja kwenye chama.

#5 Mzee wa Makambako

Nimesoma kwa heshima, lakini kuna jambo linanikaa rohoni. Babu zetu walikula ugali asubuhi, mchana na usiku, walifika uzeeni wakiwa na nguvu, hatukusikia kisukari. Leo ugali umekuwa sumu? Pili, mnasema samaki, mayai, kuku. Huku kwetu mzee asiye na pensheni, debe la mahindi ndilo linalomlisha. Mkimwambia aache ugali mnamwambia alale njaa.

#6 Mwalimu Mstaafu (Tanga)

Mzee mwenzangu wa Makambako, nashukuru umelisema hadharani, maana wengi wanalisema pembeni.

Ugali si sumu na sijamwambia mtu hivyo. Babu alikula ugali, kisha akashika jembe mpaka jua likazama, akatembea kwenda kilabuni na kurudi, hakuwa na soda, wala mafuta ya kupikia ya madumu, wala kiti cha plastiki cha kukaa kutwa nzima. Misuli inayofanya kazi huimeza sukari inayotokana na ule ugali. Mimi na wewe leo tunakaa. Na mwili ulioshapata kisukari aina ya pili hauwezi tena kuipokea sukari kama zamani, kwa hiyo sahani iliyokuwa halali kwa babu inatuelemea sisi. Mzee mwenye miaka 75 anayelima, sukari yake ikiwa sawa na presha sawa, ale ugali wake kwa amani. Uzi huu haumhusu.

Kwenye gharama una haki kabisa, na hili tumelijadili sana barazani. Asiye na samaki ana maharage, kunde, choroko, karanga, dagaa wa kupima kwa kikombe. Maharage yana wanga, lakini yana nyuzinyuzi na protini nyingi, kwa hiyo hayapandishi sukari kwa kasi ya ugali. Siri ni kwamba maharage yachukue nafasi ya ugali, yasiongezwe juu ya mlima wa ugali. Bakuli kubwa la maharage na majani ya maboga, na ugali kidogo pembeni, mzee hawezi kulala njaa. Kwenu Njombe parachichi zinaanguka chini ya mti wakati sisi Tanga tunazinunua kwa bei. Hilo ni tunda la kuliwa bila wasiwasi, wanga wake mwingi ni nyuzinyuzi. Sisi huku tunachanga, mama muuza samaki anakwenda Deep Sea alfajiri boti zikiingia, ananunua vibua kwa pamoja na tunagawana. Mtu mmoja akienda na pesa kidogo anarudi na samaki wawili, tukienda kama kikundi kila mtu anapata wa siku kadhaa.

Na uliloligusa la nguvu ni la msingi mno. Kwa wazee, wataalamu wa lishe hupendekeza protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito, kwa siku, ikiwa figo ni nzima. Mtu wa kilo 60 anahitaji 60 hadi 72. Yai moja lina 6 au 7 tu. Kwa hiyo anayejivunia kwamba siku hizi anakula mchicha na matango peke yake ajitazame mapaja. Sisi tunafanya zoezi moja kabla ya kufungua vyungu: kukaa kwenye kiti na kusimama bila kujisaidia kwa mikono, mara kadhaa, kila mtu kwa uwezo wake. Kuna mama alianza kwa kuvutwa na wawili. Sasa anasimama mwenyewe, na ndiye anayehesabu kwa sauti.

#7 Mpwani wa Maskati

Assalamu alaykum. Nasoma kutoka Oman. Hapa Maskati tuko wengi tunaozungumza Kiswahili nyumbani, wazee wetu walitoka Unguja na Pemba, wengine baada ya 1964. Mama yangu na shoga zake wana kikao chao cha jioni, Kiswahili mwanzo mwisho, na mezani hakukosi tende na halwa. Wengi wana sukari. Halwa ni heshima ya mgeni, na tende tunazipenda na ni sunna kufungulia.

Walichokubaliana wao ni kuiacha kahawa ibebe ukarimu. Kahawa yetu ni chungu tangu asili, haina sukari, na kikombe kinajazwa tena na tena, mgeni haoni amenyimwa. Sahani ya tende imebaki lakini kila mtu tende moja, na ziwe zile ndogo. Tende ndogo kavu ina gramu 6 hivi za wanga, ile kubwa nono inafika 18. Halwa imehamishiwa kwenye sikukuu. Badala yake kuna lozi, korosho na mtindi usiotiwa sukari.

Swali langu ni Ramadhani. Mihogo ya nazi, tambi, kaimati, uji. Mnafanyaje futari?

#8 Nesi wa Zamu

Waalaykum salaam ndugu yangu. Kwanza kabisa, mzee anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari aonane na daktari mapema, mwezi mmoja au miwili kabla ya Ramadhani, aambiwe kama anaweza kufunga na dozi zihamishwe saa zipi. Kutoboa kidole kupima sukari hakubatilishi saumu, wanazuoni wengi wamelieleza hilo, kwa hiyo asiache kupima kwa kuogopa. Ikishuka chini ya 4 anafungua, mgonjwa ana ruhusa yake katika dini.

Futari: tende moja na maji, kisha supu ya samaki au kuku, aswali magharibi, arudi kwenye chakula chenye mboga na samaki. Kwenye mihogo, magimbi, viazi na tambi achague kimoja tu, kipande kimoja au viwili. Kinachowaumiza wazee ni vyote vinne kwenye sinia moja, na uji wa sukari juu yake. Daku aile, na aicheleweshe: mayai, maharage, parachichi, maji ya kutosha.

#9 Mwalimu Mstaafu (Tanga)

Niongezee kidogo kwa wanaoniuliza inboksi kama kuna ushahidi, au ni mambo ya mtandaoni.

Mwaka 2019 Chama cha Kisukari cha Marekani kiliandika kwenye mwongozo wake wa lishe kwamba, kwa watu wazima wenye kisukari, kupunguza wanga kwa ujumla ndiko kwenye ushahidi mwingi zaidi wa kushusha sukari. Uingereza, mji wa Southport, yupo daktari wa kawaida wa mtaa, David Unwin. Yeye alichora chati zinazogeuza chakula kuwa vijiko vya sukari: gramu 150 za wali ni sawa na vijiko 10 hivi. Mwaka 2020 alitoa taarifa ya wagonjwa wake 128 wa kisukari aina ya pili waliopunguza wanga: asilimia 46 sukari yao ilirudi chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Kilichonivutia zaidi kwake ni kwamba wagonjwa huwakutanisha kwa vikundi, wanafundishana kupika, na familia zinakaribishwa. Nilipolisoma hilo nililipeleka barazani siku hiyohiyo.

Wala si jambo jipya kwa wazee. William Banting wa London alikuwa na miaka 66, mnene wa kilo 92 hivi, alipoambiwa na daktari wake aache mkate, sukari, bia na viazi. Ndani ya mwaka alipungua kama kilo 21. Mwaka 1863 aliyaandika aliyopitia na kuyachapisha kwa fedha yake, akawagawia watu bure. Aliishi mpaka miaka 81.

Asilimia 46 maana yake pia wapo zaidi ya nusu ambao bado walikuwa na kisukari. Kwetu barazani vilevile. Yupo aliyepunguziwa dawa, yupo ambaye sindano iko palepale lakini anaona vizuri zaidi na anatembea hadi sokoni. Huyo wa pili hatumwachi ajione ameshindwa.

#10 Kijana wa Tandika

Mwalimu, nesi, Mungu awabariki. Tumetoka kliniki. Daktari ameondoa ile glibenklamidi, amebakiza metformini, amesema turudi baada ya wiki mbili na daftari la vipimo, na baadaye tupime HbA1c, kile cha kuonyesha wastani wa miezi miwili mitatu. Ameruhusu tuendelee kupunguza wanga ila taratibu, tuanze na usiku tu. Baba mwenyewe amesikia, kwa sababu mimi nikisema anaona namnyanyasa.

Shida iliyobaki, baba hana wenzake huku. Marafiki zake wa bao wote ni chai na vitumbua. Anaweza kujiunga nanyi kwa simu?

#11 Mwalimu Mstaafu (Tanga)

Anakaribishwa kwa mikono miwili. Yule fundi wa reli amesema atampigia mwenyewe Jumamosi baada ya alasiri, simu itawekwa spika katikati ya baraza. Mwambie awe na daftari lake mkononi, na miwani.

Lakini na hao wa bao msiwaache. Nenda na chupa ya chai ya tangawizi isiyo na sukari na mayai ya kuchemsha, uviweke pale pembeni ya vitumbua bila kusema neno. Beba na chumvi na pilipili ya kusaga kwenye karatasi. Wakimaliza mayai, muulize baba nani kati yao ana kisukari. Watajitaja wenyewe, na pengine baba atapata wenzake papo hapo Tandika.